Mradi Uliokataliwa Darasani: Mwanafunzi Aliyeficha Siri Mbele ya Watu

Kuna swali ambalo wateja wetu hutuuliza tena na tena, kwa simu, kwa ujumbe, hata wakitukuta sokoni: "Sasa mimi niko ndani ya matatu, nimefungua apu, nimeandika PIN, nimebonyeza tuma. Hiyo PIN si inapita hewani? Na kama inapita hewani, si kuna mtu anaweza kuidaka?"

Wengi wakiuliza hucheka kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kuuliza jambo la kitoto. Msiombe radhi. Ni swali zito, na kwa karne nyingi jibu lake lilikuwa: ndiyo, anaweza, isipokuwa kama wewe na unayewasiliana naye mlikutana mapema mkakubaliana siri yenu. Mmoja wa watu wa kwanza kulipindua jibu hilo alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta. Alilipindua katika pendekezo la mradi wa darasani, na mhadhiri wake hakulikubali.

Leo tunawasimulia habari za mwanafunzi huyo. Tunafanya hivyo kwa sababu wazo lake linafanya kazi ndani ya simu yako kila siku, na pia kwa sababu ukielewa alichokitatua na ambacho hakukitatua, utajua pesa zako zinalindwa wapi na zinaweza kupotelea wapi.

Kijana wa Livermore

Ralph Merkle alizaliwa mwaka wa 1952 mjini Berkeley, California, nchini Marekani. Babake, Theodore Merkle, alikuwa mwanafizikia. Ndiye aliyeongoza Mradi wa Pluto katika maabara ya Livermore, mradi wa serikali wa kuunda injini ya kombora la kuruka kwa nguvu za nyuklia. Mradi wenyewe ulifutwa mwaka wa 1964, na mzee akafariki 1966, Ralph akiwa bado mvulana wa shule. Alimaliza sekondari mjini Livermore mwaka wa 1970, kisha akaingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kusomea kompyuta.

Usidhani ni kompyuta kama hii unayoijua. Zile zilikuwa mashine kubwa zinazotumiwa na watu wengi pamoja. Simu ya mkononi hakukuwa na hata moja inayouzwa dukani. Mtu aliyetaka kuficha mawasiliano kwa hesabu, mara nyingi alikuwa mwanajeshi, balozi au jasusi, wala hakuwa mama anayelipia sukuma wiki.

Mwishoni mwa 1974 Merkle alichukua somo la usalama wa kompyuta. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta mapendekezo mawili ya mradi ili achague mmoja wa kufanya. Pendekezo lake la pili lilihusu kubana data ili ichukue nafasi ndogo, kazi ya kawaida kabisa. La kwanza ndilo lililokuwa na mambo.

Ufunguo utapita wapi?

Ili kuelewa alichokuwa anakitafuta, turudi nyumbani kidogo. Wale wenye umri wanakumbuka jinsi tulivyotuma pesa kabla ya 2007. Ulitia noti kwenye bahasha, ukaigundisha vizuri, ukampa dereva wa basi au mtu mnayetoka naye kijiji kimoja, kisha ukangoja huku roho iko juu juu.

Tuseme badala ya bahasha ulituma sanduku lenye kufuli, kutoka Nairobi hadi kwa mamako Busia. Sawa, sanduku limefungwa. Je, ufunguo ataupata vipi? Ukiutuma na basi lilelile, atakayetaka kuiba sanduku atakuta na ufunguo uko hapo. Ukiutuma na basi lingine, umehamisha wasiwasi tu. Mwishowe lazima mmoja wenu asafiri, mkutane, mpeane ufunguo mkono kwa mkono. Ndivyo majeshi na balozi walivyofanya miaka yote: mjumbe anayeaminika, na mkoba wenye siri.

Merkle alijiuliza hivi: tuseme adui amepata siri zako zote, na njia pekee uliyobaki nayo ya kuwasiliana anaisikiliza mwanzo hadi mwisho. Je, mnaweza kuanza upya, mkapata siri mpya, huku anasikia kila neno? Kwanza alijaribu kuonyesha kwamba haiwezekani. Hesabu ikagoma. Akageuka, akajaribu kuonyesha kwamba inawezekana, na hapo ndipo akapata mlango.

Tumejaribu kulieleza wazo lake kwa mfano wa soko. Wewe uko upande huu wa Gikomba, mfanyabiashara mwenzako yuko upande ule, hamjawahi kukutana, na katikati kuna umati wa watu wakiwemo wezi wenye masikio makali. Unatengeneza visanduku 10,000. Kila kimoja unakifunga kwa kufuli la bei rahisi, la kuvunjwa kwa dakika moja. Ndani ya kila kisanduku kuna karatasi yenye nambari ya kisanduku hicho na neno la siri, na kila neno ni tofauti. Kwa nje havina alama yoyote, vyote vinafanana. Nambari na maneno yote umeyaandika kwenye daftari lako.

Unavimwaga vyote vivuke umati. Mwizi akitaka, anaweza kujitengenezea nakala ya kila kimoja. Mwache.

Mwenzako anaokota kimoja, chochote kile, anajibanza pembeni, anahangaika nacho dakika moja hadi kifunguke. Anasoma: nambari 7,316, na neno lake la siri. Halafu anasimama juu ya kiti na kupaza sauti: "Saba elfu mia tatu na kumi na sita!" Soko zima limesikia. Wewe unafungua daftari, unatafuta 7,316, na unaliona neno. Sasa nyinyi wawili mna siri moja.

Na mwizi? Amesikia nambari, lakini nambari ziko ndani ya visanduku. Hajui 7,316 ni kipi. Itabidi avunje kimoja kimoja, na kwa wastani atavunja nusu yake kabla ya kukifikia, yaani 5,000. Kwa dakika moja kila kimoja, hizo ni zaidi ya saa 83, siku tatu na nusu bila kulala. Kufikia hapo nyanya zimeshauzwa, pesa zimeshagawanywa, na nyinyi mmeshabadilisha neno.

Kwa Merkle visanduku vilikuwa maandishi yaliyofichwa kwa hesabu nyepesi. Aliyaita mafumbo, na hadi leo wataalamu huyaita Mafumbo ya Merkle.

Mhadhiri hakushawishika

Jibu la mhadhiri lilikuwa fupi. Aliandika kwamba mradi wa pili ndio ulioonekana wa maana zaidi, pengine kwa sababu maelezo ya ule wa kwanza yalikuwa yamevurugika vibaya. Merkle akaandika upya, akafupisha, akarahisisha. Bado haikupita. Basi akaliacha somo lenyewe na kuendelea na kazi yake peke yake.

Sisi hatumlaumu sana yule mhadhiri. Una rundo la karatasi za kusoma, halafu mwanafunzi mmoja anakuambia kwamba watu wawili wasiojuana wanaweza kupigiana kelele mbele ya mwizi na mwizi asiambulie kitu. Huenda hata wewe ungemwambia achukue ule mradi wa kubana data.

Bahati nzuri mhadhiri mwingine hapo hapo Berkeley, Robert Fabry, aliposoma alielewa thamani yake na kumhimiza aichapishe. Agosti 1975 Merkle akapeleka makala kwa jarida la chama cha wataalamu wa kompyuta cha Marekani. Likampa mtaalamu aipime. Mtaalamu akajibu kwamba wazo hilo haliko katika mkondo wa fikra za wakati huo kuhusu maandishi ya siri. Ikakataliwa tena. Makala hiyo ilikuja kuchapishwa Aprili 1978.

Miaka mitatu ni mingi katika kazi ya namna hii. Huko Chuo Kikuu cha Stanford, si mbali na Berkeley, Whitfield Diffie na Martin Hellman walikuwa wakilizungukia tatizo hilohilo. Mapema 1976 rasimu yao ilimfikia Merkle, wakaanza kuandikiana, na mwaka huohuo akaenda kufanya kazi nao. Novemba 1976 Diffie na Hellman wakatoa makala yao maarufu, yenye njia bora zaidi ya kufanya kilekile: badala ya kumwongezea mwizi kazi mara elfu kadhaa, hesabu yao inamwongezea kazi kiasi ambacho hata kompyuta kubwa hazikimalizi.

Kumbe hata hao hawakuwa peke yao. Ndani ya idara ya ujasusi ya Uingereza, James Ellis alikuwa ameandika kuhusu uwezekano huo mwaka wa 1970, na Clifford Cocks akapata hesabu ya kuufanikisha mwaka wa 1973. Lakini kazi yao ilifungiwa kabatini kama siri ya serikali hadi 1997. Haikumsaidia mteja yeyote wa kawaida.

Dola 100, kisha dola 1,000

Merkle aliandikia shahada yake ya uzamifu Stanford, akaimaliza mwaka wa 1979. Miradi yake ya miaka hiyo ni mingi, na kuna mmoja tunaoupenda kwa namna ya pekee.

Yeye na Hellman walibuni kufuli lingine, lililotegemea fumbo la mfuko: una mawe ya uzito mbalimbali, unaambiwa uzito wa jumla tu, utaje ni mawe gani yaliyomo mfukoni. Merkle alikuwa na imani nalo. Akatoa ahadi: atakayelivunja nitampa dola 100. Mwaka wa 1982 Adi Shamir akalivunja, akalipwa. Merkle hakukata tamaa. Akasema hilo lilikuwa la tabaka moja tu, lile la tabaka nyingi halivunjiki, na safari hii anaweka dola 1,000. Mwaka wa 1984 Ernest Brickell akalivunja nalo pia. Akalipwa.

Unaweza kucheka, lakini hivyo ndivyo kazi ya usalama inavyokwenda. Kufuli ambalo hakuna aliyewahi kujaribu kulivunja hatujui kama ni kufuli. Leo kampuni nyingi hulipa wataalamu wanaogundua matundu kwenye programu zao na kuyaripoti, kabla mwizi hajayaona.

Mradi mwingine ulioitwa kwa jina lake ni Mti wa Merkle. Fikiria daftari la chama lenye malipo elfu moja. Kila lipo unalifupisha kwa hesabu kuwa alama fupi, unaunganisha alama mbili mbili, unafupisha tena, hadi unabaki na alama moja tu kileleni. Mtu akibadilisha shilingi moja katika lipo moja, alama ya kileleni haitalingana tena. Mti huo ndio unaotumika kwenye Bitcoin kupanga miamala.

Basi uko wapi ndani ya simu yako?

Sasa turudi kwa yule mteja wetu wa matatu. Kuna njia mbili, na hazilindwi kwa namna moja.

Ukitumia menyu ya laini, unategemea kadi yako ya simu. Kadi hiyo iliwekewa siri ilipotengenezwa, na mtandao umehifadhi pacha wa siri hiyo. Yaani kadi na mtandao walishakutana kabla hujaitia kwenye simu. Ni ile njia ya zamani ya mjumbe na mkoba, ila mkoba umegeuka kuwa kikadi kidogo. Ndiyo maana laini yako kusajiliwa upya na mtu mwingine ni jambo la hatari: nambari yako sasa inamwitikia yeye.

Ukitumia apu, mambo ni mengine. Simu yako na kompyuta zetu hazijawahi kukutana. Unapofungua apu, ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, zinapeana nambari hadharani, kila moja inachanganya ile iliyopewa na siri yake yenyewe, na zote zinafika kwenye jibu moja ambalo halikupita hewani. Hilo ndilo linalokuwa neno lenu la siri. Ni njia iliyotokana na ile ya Diffie na Hellman. Hellman mwenyewe aliandika mwaka wa 2002 kwamba kama njia hiyo lazima iitwe kwa majina ya watu, basi jina la Merkle linafaa liwemo.

Kwa hivyo jibu la swali ni hili: mtu aliyeketi nawe kwenye Wi-Fi ya hoteli hawezi kuidaka PIN yako inapopita. Ataona takataka ya herufi tu.

Lakini ngoja kidogo. Turudi Gikomba. Ulisikia sauti ikisema 7,316, ukafungua daftari, ukafurahi. Je, ulijua ni nani aliyepaza sauti? Kama ni mwizi mwenyewe aliyeokota kisanduku na kukivunja, basi sasa una siri nzuri kabisa, iliyolindwa vizuri kabisa, wewe na mwizi.

Hilo Merkle hakulitatua, wala hakudai kulitatua. Mafumbo yake yanaficha mazungumzo. Hayakuambii unazungumza na nani. Kati ya kompyuta na kompyuta, pengo hilo lilizibwa baadaye kwa hati za kidijitali, ambazo simu yako huzikagua kimya kimya ili kuthibitisha kwamba inaongea nasi kweli. Kati ya binadamu na binadamu hakuna hati kama hiyo. Kuna sauti tu kwenye simu.

Na matapeli wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Hawahangaiki na visanduku. Wanakupigia tu. "Habari yako, napiga kutoka huduma kwa wateja, kuna pesa imeingia kwako kimakosa." Anajua jina lako lote. Anaongea kwa upole. Nyuma yake unasikia kelele za watu kama ofisini. Halafu anakuomba kitu kimoja kidogo.

Sisi hatukuombi PIN. Si kwa simu, si kwa SMS, si kwa WhatsApp, si ukifika kwenye kaunta. Hakuna mhudumu wetu anayeihitaji ili akusaidie. Mahali pa kuiandika ni kwenye menyu au apu uliyoifungua wewe mwenyewe, au kwenye ombi la malipo ulilokuwa unalitarajia kwa sababu umesimama dukani unalipa. Ombi likijitokeza tu kwenye kioo wakati hununui kitu, soma jina na kiasi, kisha ulifute. Ile nambari ya uthibitisho inayokuja kwa SMS nayo ni siri kama PIN. Anayekuomba umsomee anataka kuingia kwenye akaunti yako kutoka kwenye simu yake.

Apu nayo ipakue kutoka duka rasmi la programu la simu yako, usiifuate kwa kiungo ulichotumiwa na mtu kwenye kikundi. Ukiingia kwenye apu bandia, mawasiliano yako bado yatafichwa barabara. Yatafichwa hadi yamfikie mwizi.

Laini yako ikizima ghafla, mtandao umepotea na jirani yako unao, usingoje hadi jioni. Azima simu upigie kampuni ya laini yako mara moja. Na kama tayari umeshamtajia mtu PIN, usianze kwa kutupigia sisi. Unaweza kukuta foleni. Badilisha PIN kwanza, hapo hapo ulipo, halafu utupigie. Ukikuta huwezi tena kuingia, tumia simu ya mwenzako utuombe tufunge akaunti. Usione haya. Tumesaidia walimu, wahasibu, na hata jamaa wa kazi yetu hii hii.

Merkle naye? Baadaye alifanya utafiti katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, akabuni njia nyingine za kuficha maandishi na kuzipa majina ya mafarao, Khufu na Khafre, kisha akavutwa na elimu ya kuunda vitu vidogo kwa kiwango cha atomu. Mwaka wa 2010 yeye, Diffie na Hellman walipewa pamoja Nishani ya Richard Hamming ya wahandisi wa umeme na elektroniki. Tuzo ya Turing ya mwaka wa 2015, ambayo ndiyo kubwa zaidi katika sayansi ya kompyuta, ilikwenda kwa Diffie na Hellman. Yeye hakuwemo.

Lile pendekezo la 1974 alilihifadhi, na nakala yake ameiweka wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma, pamoja na maandishi ya mhadhiri.